Maneno ya Razaf, jina la Waller

Muulize mpenzi wa taarab wimbo fulani ni wa nani, naye atakutajia aliyeuimba. Ukimbana atakutajia kikundi. Aliyekaa na kalamu akapanga vina na mizani hatajwi, mpaka siku anapozikwa ndipo wasikilizaji wanapoambizana, "Kumbe na ule ulikuwa wake!" Marekani ya miaka ya 1920 na 1930 nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, na mmoja aliyeionja hali hiyo maisha yake yote ni Andy Razaf.

Razaf ndiye aliyeandika maneno ya "Ain't Misbehavin'", "Honeysuckle Rose", "Memories of You", "Black and Blue" na mamia ya nyimbo nyingine. Hata asiyefuatilia jazi huenda amezisikia mbili tatu kwenye filamu za zamani bila kujua ni za nani. Mwaka 1978 onyesho la muziki lililobeba jina la wimbo wa kwanza kati ya hizo lilifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York. Lilishinda tuzo ya Tony ya onyesho bora la muziki na likachezwa zaidi ya mara 1,600. Lilitangazwa kuwa ni onyesho la mpiga piano Fats Waller, na tuni nyingi ni za Waller kweli. Lakini maneno ya wimbo uliolipa onyesho jina ni ya Razaf, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka mitano.

Basi swali ni hili: mtu ambaye umaarufu wake haukutokana na ala wala sauti ameacha nini kwenye santuri? Huwezi kulijibu kwa kuhesabu majina kwenye lebo. Inabidi uishike santuri moja baada ya nyingine na kuihoji. Maneno yake yamo humu? Yamo yote? Na fedha zilikwenda kwa nani?

Mjukuu wa Bukini

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina, maana katika maisha ya Razaf kuna Waller wawili wasio na undugu wowote.

Waller wa kwanza ni babu yake mzaa mama, John Lewis Waller, aliyezaliwa mtumwa Missouri mwaka 1850. Alipopata uhuru alisoma, akawa wakili na mhariri wa gazeti huko Kansas. Mwaka 1891 Rais Benjamin Harrison alimteua kuwa konsuli wa Marekani nchini Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Ukonsuli wake ulipokwisha mwaka 1894, serikali ya Malkia Ranavalona III ilimpa eneo kubwa la ardhi kusini mwa kisiwa. Waller akawaza kuwaleta Wamarekani weusi waje kulima na kuishi huko kwa heshima ambayo hawakuipata kwao. Wafaransa, waliokuwa wakikitaka kisiwa chote, hawakulipenda wazo hilo. Machi 1895 walimkamata, mahakama yao ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha miaka 20 kwa madai ya kupeleka habari kwa adui, kisha wakamsafirisha hadi gerezani Ufaransa. Serikali ya Marekani iliingilia kati, naye akaachiwa Februari 1896.

Binti yake Jennie, kijana mdogo bado, alikuwa ameolewa na mtu wa ukoo wa kifalme, ambaye familia ilimtaja kuwa mpwa wa malkia. Vita vya 1895 vilimwondoa mume huyo duniani. Jennie alikimbia akiwa mjamzito, na tarehe 16 Desemba 1895 alijifungua mtoto wa kiume mjini Washington. Akaitwa Andriamanantena Razafinkarefo.

Jina hilo halikuwahi kukaa sawa vinywani mwa Wamarekani. Liliandikwa kwa tahajia tofauti tofauti, kisha mwenyewe akalikata likabaki Andy Razaf. Katika Kimalagasi neno "zafy" maana yake ni mjukuu, na "Ra" ya mwanzoni ni ya heshima. Kwa hiyo kipande alichobaki nacho, kile kinachosomeka kwa herufi ndogo kwenye lebo za santuri, maana yake ni mjukuu. Binafsi naona hakuna jina lililomfaa kuliko hilo. Alizaliwa kwa sababu ya ndoto ya babu, akapoteza nchi kwa sababu hiyo hiyo.

Waller wa pili ni Thomas, aliyeitwa Fats, mpiga piano wa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, aliyezaliwa mwaka 1904. Huyo alikuwa rafiki na mshirika wa kazi, basi.

Lifti, mashairi na senti mbili

Razaf aliacha shule mapema ili asaidie nyumbani, akapata kazi ya kuendesha lifti katika jengo la ofisi mjini New York. Ilikuwa kazi duni, ila lifti hupandwa na wachapishaji wa nyimbo pia. Mwaka 1913, kabla hajatimiza miaka 18, wimbo wake "Baltimo'" uliingia katika onyesho kubwa la mwaka huo la Broadway. Alidhani mlango umefunguka. Ulijifunga tena kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyo ya kungoja aliandika mashairi. Yalichapishwa katika magazeti ya watu weusi wa Harlem, likiwemo The Voice la Hubert Harrison na The Crusader la Cyril Briggs, na aliyatia saini kwa jina refu la ukoo. Yalikuwa mashairi makali ya kudai haki, ya kuwasifu askari weusi waliorudi kutoka vitani Ufaransa na kukuta nchi yao bado inawabagua. Watu wengi wanaoimba "Honeysuckle Rose" hawajui kwamba mwandishi wake alianzia huko. Mimi nadhani bila kulijua hilo huwezi kuielewa kazi yake yote, na tutalirudia tukifika mwaka 1929.

Sasa tuelewe biashara ilivyokwenda, kwa kuwa fundo kubwa limefungwa hapo. Wimbo ni mali moja na rekodi ni mali nyingine. Wimbo, yaani tuni pamoja na maneno, ulikuwa mikononi mwa mchapishaji aliyeuza karatasi za nota. Rekodi ilikuwa ya kampuni ya santuri. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliilazimu kampuni kumlipa mwenye wimbo senti 2 kwa kila nakala iliyotengenezwa, na kiwango hicho hakikubadilika mpaka 1978. Kwa desturi mchapishaji alibaki na nusu, na senti moja iliyobaki waligawana waliotajwa kuwa watunzi. Mara nyingi kiongozi wa bendi alidai jina lake liongezwe kabla hajakubali kuupiga wimbo, na hapo senti ile ikazidi kukatwa.

Kwa mtunzi mweusi aliyehitaji kodi ya nyumba Ijumaa, mrabaha wa senti kidogo kidogo ulikuwa mbali mno. Kilichokuwa karibu ni mchapishaji aliyetoa dola kadhaa mkononi na kuchukua haki zote. Mwaka 1929 Fats Waller aliuza haki zake katika nyimbo kama 20 kwa kampuni ya Mills kwa jumla ya dola 500. "Ain't Misbehavin'" ulikuwa ndani ya fungu hilo. Ninapousikiliza wimbo huo siwezi kuliondoa jambo hili kichwani.

Katika soko la namna hiyo haishangazi kwamba palizuka madai kuwa Waller na Razaf ndio waliotunga pia nyimbo zinazojulikana kwa majina ya watunzi Jimmy McHugh na Dorothy Fields, hasa "I Can't Give You Anything but Love". Kuna simulizi kwamba Razaf, akiwa mgonjwa kitandani, aliombwa aimbe maneno anayoyapenda kuliko yote aliyowahi kuandika, naye akauimba huo. Inagusa moyo, lakini si ushahidi. Fields alikuwa mwandishi hodari ambaye kazi zake za baadaye zinajieleza zenyewe, na sioni haki ya kumnyang'anya mtu mmoja ili kumfidia mwingine. Razaf ana nyimbo za kutosha zisizo na ubishi.

Mwaka mmoja wa ajabu

Ushirika wa Razaf na Waller ulikuwa wa watu wawili wasiofanana. Razaf alipenda utaratibu. Waller alipenda chakula, kinywaji na kuondoka mapema. Ili amweke chini afanye kazi, Razaf alimpeleka kwa mama yake, Asbury Park huko New Jersey, ambako Jennie aliwapikia. Walipokuwa wakiandaa onyesho la ukumbi wa Connie's Inn wa Harlem mwaka 1929, Waller aliondoka kazi haijaisha, na "Honeysuckle Rose" ilikamilishwa kwa simu. Inasimuliwa kwamba Waller alikuwa ameshasahau sehemu ya tuni yake mwenyewe, na ni Razaf aliyemwimbia upande wa pili wa waya.

Yaani mtunzi wa maneno ndiye aliyekuwa kumbukumbu ya tuni. Jambo kama hilo halina pa kuandikwa kwenye lebo.

Mwaka huo huo, mwezi Juni, onyesho la "Hot Chocolates" lilihamia Broadway. Humo ndimo zilimotoka "Ain't Misbehavin'" na "Black and Blue", zote zikiwa na majina matatu: Waller, Harry Brooks na Razaf. Kijana mpiga tarumbeta, Louis Armstrong, aliuimba wimbo wa kwanza wakati wa onyesho hilo, na Julai akaurekodi. Katika santuri hiyo maneno yamo, japo Armstrong anayanyoosha na kuyafinyanga apendavyo. Wiki chache baadaye, Agosti, Waller naye aliurekodi kwa piano peke yake. Humo hamna hata neno moja la Razaf, ingawa wimbo ni wake pia. Santuri mbili za wimbo mmoja, kiangazi kimoja, na mtunzi yumo katika moja tu.

"Black and Blue" unahitaji kuelezwa polepole.

Kwa masimulizi ya Razaf mwenyewe, jambazi Dutch Schultz, aliyekuwa ameweka fedha zake katika onyesho lile, alitaka wimbo wa kuchekesha ambamo mwanamke mweusi analalamikia weusi wake. Razaf alikataa kuandika kitu cha namna hiyo. Schultz akamsukuma ukutani na kumwonyesha bastola. Razaf akaenda kuandika.

Alichokileta kilianza kama kichekesho kweli. Mwimbaji Edith Wilson aliuimba akiwa kwenye kitanda cheupe chenye mashuka meupe, na beti za mwanzo zinamweleza mwanamke mweusi ambaye wanaume wanampita wakiwafuata wanawake wenye ngozi nyepesi. Watu walicheka. Kisha maneno yakageuka. Kwa Kiingereza, kusema mtu ni mweusi na buluu ni kusema amepigwa hadi kuvilia damu, na buluu ni rangi ya huzuni pia. Swali la kiitikio, nimekosa nini hata niwe hivi, likawa halimhusu tena mwanamke aliyekosa mpenzi. Lilihusu watu wote waliopigwa kwa sababu ya ngozi. Razaf alisimulia kwamba ukumbi ulinyamaza, halafu watazamaji wakasimama na kushangilia. Yule kijana wa mashairi ya The Voice alikuwa ameyapeleka Broadway chini ya bastola.

Armstrong aliporekodi "Black and Blue" mwezi Julai, aliziacha zile beti za mwanzo. Mwanamke na kitanda chake vikatoweka, na lililobaki ni swali tupu la mtu mweusi mbele ya dunia. Wengi huona kwamba kwa kukata hivyo Armstrong aliuinua wimbo, nami nakubali. Ila tusiseme aliubuni upya. Maneno yaliyobaki yote yalikuwa pale kwenye karatasi ya Razaf, yakingoja kuachwa peke yake.

Mstari mmoja umeleta mjadala tangu hapo, ule ambamo mwimbaji anasema kuwa ndani yake yeye ni mweupe. Leo unachoma sikio. Mwaka 1929, mbele ya ukumbi wa Wazungu, weupe ulikuwa neno la usafi wa roho, na Razaf alilitumia kuwashika kwa lugha yao wenyewe. Miaka ya baadaye Armstrong alibadilisha neno hilo moja akaimba kwamba ndani yake yuko sawa. Kwa hiyo mwenye kuusikiliza wimbo huu katika rekodi za nyakati mbalimbali hasikii maneno yale yale, na ni vizuri kujua lipi la Razaf na lipi la Armstrong.

Mei 1956 Armstrong alifika Accra, Gold Coast, chini ya mwaka mmoja kabla nchi hiyo haijawa Ghana huru. Kwame Nkrumah, waziri mkuu, alikuwepo ukumbini. Armstrong akamtunukia "Black and Blue". Picha za filamu zilizochukuliwa pale zinamwonyesha Nkrumah akisikiliza, uso umejaa hisia. Maneno ya mtoto wa Bukini aliyezaliwa ukimbizini yalikuwa yamefika bara la jirani na kisiwa cha baba yake, kwa sauti ya mtu mwingine.

Palipo na maneno na pasipo na maneno

Kazi za Razaf zilizomo kwenye santuri si za namna moja, na kuna kundi ambalo msikilizaji wa Kiswahili ataling'amua haraka kuliko wengi, nalo ni mafumbo. Ethel Waters alirekodi "My Handy Man" mwaka 1928, na Bessie Smith akarekodi "Kitchen Man" mwaka 1929. Wimbo huu wa pili ni wa tajiri mwanamke anayemlilia mpishi wake aliyeacha kazi. Anavitaja vyakula vyake kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kinacholiwa mezani. Aliyekulia kwenye nyimbo zetu za taarab haambiwi zaidi. Wakosoaji wengine wamezidharau nyimbo hizi kama kazi za njaa. Mimi naziheshimu, kwa sababu fumbo zuri halivunji adabu na halifichi kitu, na ufundi huo ni mgumu. Alberta Hunter, aliyezaliwa mwaka mmoja na Razaf, alikuwa bado akiziimba alipopita miaka 80, na watazamaji walizifahamu bila kufafanuliwa.

Upande mwingine kuna "In the Mood". Santuri ya kiongozi wa bendi Glenn Miller ya Agosti 1939 ni miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote za enzi ya swing, jazi ya kuchezea dansi, na watunzi wanaotajwa ni Joe Garland na Andy Razaf. Lakini Miller aliurekodi kwa ala tupu. Mamilioni wameucheza wimbo huo bila kujua kwamba una maneno. "Stompin' at the Savoy" nao ulianza hivyo. Chick Webb aliurekodi mwaka 1934 bila maneno, Benny Goodman akautia nguvu mwaka 1936, na Razaf akaletewa tuni iliyokwisha kupendwa ili aivishe maneno kuhusu ukumbi ule wa Harlem ambao weusi na weupe walicheza pamoja. Watu walingoja mpaka mwaka 1957 kuyasikia katika sauti zilizoyatendea haki, za Ella Fitzgerald na Armstrong.

Kwa hiyo ukihesabu santuri zenye jina la Razaf utapata idadi kubwa mno, na ukihesabu zenye maneno yake utapata pungufu. Zote mbili ni hesabu sahihi. Ya kwanza ni ya haki, ya pili ni ya sauti. Na haki zenyewe zina kalenda mbili: nchini Marekani nyimbo zilizochapishwa mwaka 1929 ziliingia mikononi mwa umma tarehe 1 Januari 2025, lakini rekodi za mwaka huo huo zitafunguliwa mwaka 2030. Leo unaweza kuimba "Ain't Misbehavin'" jukwaani huko bila kumlipa mtu. Kuichapisha upya santuri ya Armstrong ni jambo jingine.

Waller alifariki Desemba 1943, akiwa na miaka 39. Razaf alihamia California, na mwanzoni mwa mwaka 1951 ugonjwa ulimpooza miguu. Hakutembea tena. Aliendelea kuandika akiwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka alipofariki tarehe 3 Februari 1973, mwaka mmoja baada ya kuingizwa katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo. Karatasi zake zimehifadhiwa katika kituo cha Schomburg, Harlem.

Mwaka 1955 Armstrong alikuwa ametoa albamu nzima ya nyimbo za Waller, nyingi zikiwa na maneno ya Razaf, na juu ya jalada lilikuwepo jina la Waller. Mwaka uliofuata, ule wa Accra, mwimbaji Maxine Sullivan aliingia studio na wapigaji wachache, akiwemo Charlie Shavers kwenye tarumbeta. Aliimba kwa ile sauti yake nyepesi isiyorukia neno, kila silabi ikasikika. Tuni alizochagua ni za watu mbalimbali: Waller, Eubie Blake na wengine. Ukisikiliza albamu hiyo ukiwafuata watunzi wa tuni, utaona imekusanywa ovyo. Kinachoziunganisha nyimbo hizo ni kalamu moja, na kampuni ya santuri ya Period ikaandika jina la mwenye kalamu juu ya jalada: A Tribute to Andy Razaf. Alikuwa hai bado, Los Angeles, na miaka 60.